Kifungo cha Karatasi: Historia ya Marufuku ya Makaburu, 1950–1990

Mtu aliyepigwa marufuku na serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini hakufungwa pingu wala hakusomewa shtaka. Polisi wa usalama walimfuata nyumbani au kazini, wakamkabidhi karatasi yenye sahihi ya Waziri wa Sheria, wakaenda zao. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kuhudhuria mkutano, na amri zilivyozidi kubana, hata kukaa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja kukahesabiwa kuwa ni mkutano. Hakuruhusiwa kutoka nje ya wilaya aliyopangiwa, wala kukanyaga shuleni, kiwandani, bandarini au penye mitambo ya kuchapa magazeti. Kila juma alikwenda kituo cha polisi kutia sahihi. Hakuruhusiwa kuzungumza na mtu mwingine aliyepigwa marufuku. Hata mume na mke waliokuwa wote chini ya amri hiyo walihitaji kibali maalumu ili wazungumze ndani ya nyumba yao.

Amri ya kawaida ilidumu miaka mitano, na ilipokaribia kwisha waziri aliweza kuianzisha upya. Hakuna hakimu aliyeulizwa. Kwa upande wa hazina, hii ilikuwa adhabu rahisi kuliko zote: mfungwa wa Robben Island alilishwa na kulindwa kwa fedha za serikali, ilhali aliyepigwa marufuku alijilisha mwenyewe, alijilipia nauli ya kwenda polisi, na mara nyingi kazi ilikuwa imeshamponyoka. Ndiye aliyekuwa mfungwa, na ndiye aliyekuwa askari jela.

Waliopewa karatasi hiyo kati ya 1950 na 1990 wanakadiriwa kuwa zaidi ya 1,600: wanasiasa, mafundi cherehani, wanafunzi, wachungaji, wahariri, washairi. Ukifuatilia tarehe za amri zao utaona jambo moja likijirudia. Serikali ilikuwa ikishindwa mahakamani au mitaani, na kila iliposhindwa ilitunga sheria iliyo pana kuliko ile ya kwanza.

Kabla ya 1950

Makaburu hawakuibuni silaha hii. Waliikuta imeshanolewa. Sheria ya mwaka 1927 ya kuwatawala wenyeji ilimfanya Gavana Mkuu, Mzungu aliyemwakilisha mfalme wa Uingereza, kuwa chifu mkuu wa Waafrika, na kwa cheo hicho cha kujipachika aliweza kumhamisha mtu mmoja au kabila zima kutoka mahali hadi mahali bila kesi. Mwaka 1930 Oswald Pirow, Waziri wa Sheria, aliongeza makali kwenye sheria ya mikusanyiko ya 1914, akapata uwezo wa kumtimua mtu kutoka eneo lake. A.W.G. Champion, kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha ICU mjini Durban, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuionja: alitimuliwa kutoka Natal kwa miaka mitatu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua sura hii. Kenya, Waingereza walikipiga marufuku chama cha KAU mwaka 1953, na Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake mwaka 1959 hakurudi kwao, alizuiliwa Lodwar. Tanganyika, Julius Nyerere alikatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka 1957. Walichofanya Makaburu ni kuchukua chombo ambacho mkoloni alikitumia pale alipobanwa, wakakigeuza kuwa kazi ya kila siku ya wizara, yenye fomu, mafaili na makarani.

1950: Kila mpinzani mkomunisti

Chama cha National cha D.F. Malan kilishinda uchaguzi wa Wazungu Mei 1948. Miaka miwili baadaye Waziri wa Sheria, C.R. Swart, aliwasilisha Sheria ya Kukomesha Ukomunisti. Chama cha Kikomunisti kiliona wimbi linakuja, kikajivunja chenyewe tarehe 20 Juni 1950, kabla sheria haijaanza kutumika. Kingeibuka tena kwa siri mwaka 1953.

Kama shabaha ingekuwa wakomunisti peke yao, kazi ingekuwa imekwisha siku hiyo. Lakini sheria ilieleza ukomunisti kwa namna ambayo Karl Marx mwenyewe asingeutambua. Ilitosha mtu atake mabadiliko ya kisiasa, ya kijamii, ya kiuchumi au ya viwandani kwa njia ya fujo au ya kuvunja sheria. Ilitosha pia achochee uhasama kati ya Wazungu na wasio Wazungu. Kwa tafsiri hiyo, Mwafrika aliyepita kwa makusudi kwenye mlango wa stesheni uliotengwa kwa Wazungu alikuwa ameshauendeleza ukomunisti. Waziri alipewa uwezo wa kuvunja chama, kufunga gazeti na kumkataza mtu uongozi na mikutano, na yeye ndiye aliyepima kama mtu huyo anafaa kukatazwa.

Pigo lilianzia kwa vyama vya wafanyakazi. Solly Sachs alikuwa katibu wa chama cha washonaji nguo, chama ambacho wanachama wake wengi walikuwa wanawake Wazungu wa Kikaburu waliotoka mashambani kutafuta kibarua Johannesburg. Alipopewa amri mwaka 1952, aliamua kuivunja waziwazi kwenye ngazi za ukumbi wa jiji tarehe 24 Mei. Polisi waliwavamia kwa virungu wanawake waliokusanyika kumsikiliza. Serikali iliyojiita mlinzi wa taifa la Makaburu ikawa inawapiga binti zake mchana kweupe. Sachs alilazimika kukihama chama alichokijenga kwa zaidi ya miaka ishirini, na baadaye akaihama nchi.

Gazeti la *The Guardian* la mrengo wa kushoto nalo lilifungwa Mei 1952. Wenyewe walilifufua kwa jina la *Clarion*, kisha *People's World*, kisha *Advance*. Lilipofungwa hilo mwaka 1954 likazaliwa *New Age*, na baada ya *New Age* kufungwa mwaka 1962 likaja *Spark*. Kwa muda wa miaka kumi serikali ilifukuza jina huku waandishi wakibaki walewale. Mwishowe ilielewa, ikawapiga marufuku waandishi wenyewe, na *Spark* likazimika mwaka 1963.

1952–1959: Viongozi wasiosikika

Tarehe 26 Juni 1952 vyama vya ANC na Kongresi ya Wahindi vilianza kampeni ya kuvunja kwa makusudi sheria za ubaguzi. Watu zaidi ya 8,000 walijipeleka kukamatwa. Desemba mwaka huo viongozi 20, akiwemo Nelson Mandela, walitiwa hatiani chini ya ile sheria ya ukomunisti, lakini Jaji Franz Rumpff alikiri kwamba ukomunisti unaosemwa na sheria hiyo hauhusiani na ukomunisti unaofahamika na watu. Aliwapa kifungo cha miezi tisa, kisha akakiahirisha. Kwa waziri hukumu hiyo ilikuwa laini mno, na hapo karatasi ikaonekana tamu kuliko kesi.

Mandela alipigwa marufuku kabla mwaka haujaisha. Septemba 1953, akiwa rais wa ANC jimbo la Transvaal, hotuba yake ya mwaka ilisomwa na mtu mwingine. Wakati huohuo alikuwa akiandaa mpango uliokuja kuitwa kwa herufi ya jina lake, Mpango wa M: kugawanya tawi la chama katika vikundi vidogo vya mtaa kwa mtaa, ili siku chama chenyewe kitakapofungwa, mizizi iwe imeshapita chini ya ardhi. Alikuwa ameyaona ya mbele miaka saba kabla hayajafika.

Chifu Albert Luthuli ni mfano unaouma zaidi. Alikuwa mwalimu, Mkristo wa kanisa la Congregational, mtu wa maneno ya taratibu. Novemba 1952 serikali ilimvua uchifu wa Groutville kwa kuwa alikataa kujitoa ANC. Mwezi uliofuata ANC ikamchagua kuwa rais wake. Mei 1953 akapata amri ya kwanza. Julai 1954, mara tu ilipoisha, alisafiri kwenda Johannesburg kupinga watu kuhamishwa Sophiatown, na akiwa huko akakabidhiwa ya pili iliyomrudisha wilaya ya Lower Tugela, kwenye miwa ya Natal. Ya 1959 ilikuwa ya miaka mitano. Kwa muda mrefu wa urais wake, ANC iliongozwa na mtu ambaye hakuruhusiwa kufika kwenye mikutano ya ANC.

Ndivyo ilivyokuwa hata Kliptown, Juni 1955, ambako wajumbe karibu 3,000 walipitisha Mkataba wa Uhuru, hati ya kudai haki sawa kwa wote. Luthuli hakuwepo. Mandela na Walter Sisulu walifika kwa kuiba, wakasimama pembeni mwa umati kama wapita njia, wakisikiliza hati ambayo wao ni miongoni mwa walioipigania.

Vijijini marufuku ilikuwa na pacha wake mkali zaidi, yaani kutimuliwa. Machifu na wakulima waliopinga kupunguzwa kwa mifugo yao, au waliopinga wanawake kubebeshwa pasi, vile vibali vya kutembelea walivyolazimishwa Waafrika, walibebwa kwa lori hadi sehemu kavu kama Frenchdale, karibu na Mafikeng, wakaachwa mbali na watu wanaoongea lugha yao. Mwaka 1959 amri hiyo ilimfika Elizabeth Mafekeng wa Paarl, kiongozi wa wafanyakazi wa viwanda vya matunda ya makopo na mama wa watoto kumi na mmoja. Alitakiwa aende Southey, shamba la upweke karibu na Vryburg. Watu wa Paarl walimiminika barabarani kupinga. Yeye akamchukua mtoto wake mchanga, akavuka mpaka usiku na kuingia Basutoland, Lesotho ya leo.

Kesi moja bado ilikuwa inaendelea. Desemba 1956 serikali ilikuwa imewakamata watu 156 kwa uhaini, ikitaka kuthibitisha mahakamani kwamba Mkataba wa Uhuru ni njama ya kuipindua dola. Ilichukua zaidi ya miaka minne. Tarehe 29 Machi 1961 jopo lililoongozwa na Rumpff, jaji yuleyule, liliwaachia huru 30 wa mwisho. Baada ya hapo mtu hahitaji kuuliza kwa nini mawaziri walipenda zaidi adhabu isiyopitia kwa jaji.

Sharpeville na tarehe 8 Aprili 1960

Tarehe 21 Machi 1960 PAC, chama kilichokuwa kimejitenga na ANC mwaka mmoja kabla chini ya Robert Sobukwe, kiliwaita watu waache pasi zao nyumbani na kwenda kujitoa polisi. Sharpeville, kusini mwa Johannesburg, polisi walifyatua risasi kwenye umati wakaua watu 69, wengi wao wakiwa wamepigwa mgongoni. Luthuli alichoma pasi yake hadharani. Tarehe 30 Machi serikali ikatangaza hali ya hatari na kukamata maelfu.

Bunge la Wazungu likapitisha haraka sheria ya vyama visivyo halali, na tarehe 8 Aprili ANC na PAC vikapigwa marufuku. ANC ilikuwa na umri wa miaka 48. Ilikuwa imepeleka wajumbe London, imeandika barua, imeandamana, imeimba, imekwenda jela kwa hiari. Mtu angeweza kuibeza kwa upole wake, na PAC waliibeza, lakini hakuna aliyeweza kusema haikujaribu njia za wazi. Sasa kumiliki kadi yake au kuimba kwa jina lake ilikuwa njia ya kwenda jela.

Naiona siku hiyo ndiyo iliyogeuza mambo, kuliko hata Sharpeville yenyewe. Mauaji yalikuwa yametokea kabla na yangetokea tena. Ila chama kilichofungiwa mlango wa mbele kilibaki na milango miwili tu, wa chini ya ardhi na wa mpakani. Tarehe 16 Desemba 1961 milipuko ya kwanza ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri la ANC, ilisikika.

Dar es Salaam, Mbeya, Morogoro

Mlango wa mpakani ulifunguliwa siku kumi na mbili kabla ya marufuku. Tarehe 27 Machi 1960 Oliver Tambo, naibu rais wa ANC, alivushwa kwa gari la mwandishi Ronald Segal hadi Bechuanaland. Kwa msaada wa Frene Ginwala, ambaye miaka 34 baadaye angekuwa Spika wa kwanza wa Bunge la kidemokrasia, alipitishwa hadi Dar es Salaam, akakutana na Nyerere. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na mwenyeji wake alijua fika maana ya kuzibwa mdomo kwa amri.

Januari 1962 alifuata Mandela, akitua Mbeya bila pasipoti. Katika kumbukumbu zake ameeleza alivyoshangaa kuona hotelini Waafrika na Wazungu wakikaa pamoja bila mtu kujali, na Dar es Salaam alivyomkuta Nyerere akiendesha mwenyewe kigari chake kidogo. Hawakukubaliana kila jambo. Nyerere alishauri vita visubiri hadi Sobukwe atoke gerezani, ushauri ambao Mandela hakuupenda hata kidogo.

Ofisi za ANC zikakaa Dar es Salaam, kisha Morogoro, ambako mkutano mkuu wa mashauriano ulifanyika Aprili na Mei 1969. Mazimbu, nje kidogo ya mji huo, kikajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Sauti ambazo hazikuruhusiwa kuchapishwa Johannesburg zilisikika huko kupitia mitambo ya Radio Tanzania. Ezekiel Mphahlele, mwandishi ambaye vitabu vyake Afrika Kusini ilivikataza, ndiye aliyeanzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi jijini Nairobi mwaka 1963.

Tusijisafishe kupita kiasi, lakini. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na Kenya ilikuwa na yake kufikia 1966. Waliokimbilia kwetu walikimbia ubaguzi. Sahihi ya mkubwa yenye nguvu kuliko hakimu waliikuta na huku.

1962–1969: Enzi ya Vorster

B.J. Vorster, aliyekuwa Waziri wa Sheria tangu 1961, ndiye aliyekamilisha mtambo. Sheria ya hujuma ya 1962 ilileta kifungo cha nyumbani na kuharamisha kunukuu maneno ya waliopigwa marufuku. Mwishoni mwa Julai serikali ilitoa orodha ya watu 102 ambao kauli zao hazikuruhusiwa kuchapishwa. Luthuli alikuwemo, na ilikuwa haijapita hata miezi minane tangu apokee Nishani ya Amani ya Nobel kule Oslo. Dunia nzima ilikuwa imemsikiliza. Jirani yake wa Groutville akawa haruhusiwi kumsoma.

Wa kwanza kufungwa nyumbani, Oktoba 1962, alikuwa Helen Joseph, mama mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa miongoni mwa walioongoza wanawake 20,000 kwenda Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Miezi michache kabla, amri yake ya awali ilipoisha, alikuwa amezunguka nchi maelfu ya maili akiwatafuta waliotimuliwa, kuona kama wangali hai na wanakula nini. Malipo ya safari hiyo yakawa kukaa ndani kila usiku, na kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi, mgeni akikatazwa kumtembelea. Mwenzake wa maandamano yale, Lilian Ngoyi, fundi cherehani na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye Kamati Kuu ya Taifa ya ANC, alifungiwa Orlando. Sauti iliyokuwa ikisimamisha umati ikabaki na cherehani katika nyumba ndogo ya Mzimhlophe. Isipokuwa miaka michache ya katikati, aliishi chini ya amri hadi alipofariki Machi 1980.

Kwa Sobukwe walitunga kifungu cha peke yake. Alipaswa kutoka gerezani Mei 1963 baada ya kumaliza miaka mitatu. Siku chache kabla, Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu waziri kuendelea kumshikilia mfungwa wa aina yake hata baada ya kifungo kwisha, na ikawa inafanywa upya kila mwaka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuguswa na kifungu hicho. Alikaa Robben Island miaka sita katika nyumba ya upweke, wafungwa wengine wakipita kwa mbali bila ruhusa ya kumsalimia. Mwaka 1969 walimhamishia Kimberley, mji asioujua, wakampiga marufuku huko hadi kansa ilipomwua Februari 1978. Sheria hiyohiyo ya 1963 ndiyo iliyoleta kizuizi cha siku 90 bila kesi. Katika Bunge zima Helen Suzman peke yake aliipigia kura ya hapana.

Waandishi nao walitafuta vichochoro. Alex La Guma alifungwa nyumbani Cape Town mwaka 1962, mwaka uleule ambao hadithi yake ya kwanza ndefu ilitoka Ibadan, Nigeria. Dennis Brutus, mshairi aliyepigania Afrika Kusini ya kibaguzi itolewe kwenye Olimpiki, alikamatwa mwaka 1963 kwa kuvunja amri ya kutohudhuria mikutano. Alipojaribu kutoroka alipigwa risasi katikati ya Johannesburg, akalala njiani akivuja damu kwa sababu gari la wagonjwa lililokuja lilikuwa la Wazungu. Baadaye, akiwa amekatazwa kuandika mashairi, aliyaandika kwa umbo la barua.

Chama cha wafanyakazi cha SACTU hakikupigwa marufuku kamwe. Hapakuwa na haja. Viongozi wake walipewa karatasi mmoja baada ya mwingine hadi ofisi ikakosa mtu wa kufungua mlango, huku serikali ikiendelea kuwaambia wageni kwamba Afrika Kusini haina shida na vyama vya wafanyakazi.

Luthuli alikufa tarehe 21 Julai 1967, bado chini ya amri. Serikali ilisema amegongwa na treni karibu na nyumbani kwake. Familia haikuamini, na mwaka 2025 uchunguzi wa kifo hicho ulifunguliwa upya mahakamani Pietermaritzburg.

1973–1977: Kizazi cha Biko

Ukimya wa mwisho wa miaka ya sitini uliwadanganya watawala. Mwanzoni mwa 1973 wafanyakazi wa Durban waligoma kwa maelfu, na vyuoni vijana wa SASO, umoja wa wanafunzi weusi, walikuwa wakihubiri kwamba mtu mweusi aanze kwa kujithamini. Februari walipigwa marufuku viongozi wanane wa umoja wa wanafunzi wa NUSAS, na Machi wanane wa SASO, Steve Biko akiwemo.

Biko alirudishwa King William's Town akiwa na miaka 26. Kama amri ilikusudia kumzika kijijini, ilimpanda. Alifungua ofisi ya miradi ya jamii, na Januari 1975 zahanati ya Zanempilo ikaanza kazi chini ya Daktari Mamphela Ramphele. Mei 1976 mawakili wa vijana walioshtakiwa Pretoria walimwita kuwa shahidi, na kwa siku kadhaa kizimbani aliweza kusema hadharani yale aliyokatazwa kuyasema popote pengine. Ile mahakama ambayo serikali ilikuwa ikiikwepa ikageuka jukwaa lake.

Aprili 1977 Ramphele alitimuliwa kwenda Lenyenye, mamia ya maili kaskazini. Polisi walikuwa wamekosea tahajia ya jina lake na namba ya kitambulisho. Alipogundua kuwa kwa kosa hilo amri haina nguvu, alirudi zake King William's Town, akakaa siku kumi hivi hadi makarani walipoandika karatasi nyingine. Huko Lenyenye alianzisha zahanati tena. Mwezi uliofuata Winnie Mandela alitolewa Soweto akapelekwa Brandfort, mji mdogo wa Free State ambako hakumjua mtu.

Biko alikamatwa Agosti 18 kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown, akiwa nje ya wilaya yake. Tarehe 12 Septemba 1977 alikufa rumande kwa majeraha ya kichwa. Hasira za nchi zilijibiwa tarehe 19 Oktoba: mashirika 18 yakapigwa marufuku kwa siku moja, gazeti la *The World* likafungwa, mhariri wake Percy Qoboza akawekwa ndani. Donald Woods wa *Daily Dispatch* na Beyers Naudé walipewa amri za miaka mitano. Naudé alikuwa Kaburu halisi, mchungaji aliyewahi kuwa mwanachama wa Broederbond, jumuiya ya siri ya wakubwa wa Kikaburu. Woods alitoroka mwisho wa mwaka amevaa kipadri, akaingia Lesotho. Rick Turner, mwanafalsafa wa Durban aliyekuwa na amri tangu 1973, hakupata nafasi hiyo: alipigwa risasi kupitia dirisha la nyumba yake Januari 1978.

1983–1990: Karatasi yaisha nguvu

Sheria mpya ya usalama ya 1982 iliacha amri nyingi zife Julai 1983. Huenda serikali ya P.W. Botha ilitaka kupendeza nje, ikipeleka katiba yake mpya kwa kura. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Agosti, UDF ilizinduliwa Mitchells Plain, na ugumu ulionekana mara moja. Hiki hakikuwa chama chenye kiongozi mmoja wa kufungiwa Groutville. Kilikuwa muungano wa mamia ya vikundi vya mitaa, makanisa, wanafunzi na akina mama. Ukitafuta kichwa cha kukata, hukioni.

Tarehe 24 Februari 1988 Waziri Adriaan Vlok aliyakataza mashirika 17, UDF ikiwemo, kufanya shughuli yoyote, na akaliwekea shirikisho la vyama vya wafanyakazi la COSATU mipaka ya siasa. Siku tano baadaye Askofu Mkuu Desmond Tutu na viongozi wenzake wa dini waliandamana kuelekea Bungeni Cape Town, wakakamatwa. Mwaka 1989 mahabusu walisusa chakula hadi mamia wakaachiwa, na mashirika yaliyokatazwa yakatangaza yenyewe kwamba yamejiondolea marufuku. Yalifanya mikutano, yakapeperusha bendera za ANC. Polisi walipiga, lakini hakuna aliyerudi nyumbani kungoja kibali.

Tarehe 2 Februari 1990 F.W. de Klerk aliondoa marufuku ya ANC, PAC na Chama cha Kikomunisti, pamoja na vikwazo vya mashirika mengine 33. Wengi wamemsifu kwa ujasiri, na alihitaji ujasiri mbele ya wapiga kura wake. Ila alikuwa anafuta kwa wino jambo ambalo watu walikuwa wameshalifuta kwa miguu.

Mwaka 1992 majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ina vifungu vya uhuru wa kusema, kukusanyika, kujiunga na chama na kwenda mtu anakotaka, na kifungu cha 12 kinakataza mtu kuwekwa kizuizini bila kesi. Waziri wa Sheria wa nchi hiyo hana tena karatasi ya kumtumia mtu.